Tasnifu za uzamili ziwarudie waliojaza dodoso

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vyuo vinavyofundisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimaliwatu, pamoja na maofisa utumishi wenzangu wanaowafungulia wanafunzi geti. Ombi langu ni hili: mwanafunzi asihesabiwe kuwa amemaliza mpaka awe amerudi kwa wafanyakazi waliomjazia dodoso, akawaeleza kwa Kiswahili alichokiona katika majibu yao.

Mimi ni afisa rasilimaliwatu katika shamba la maua upande wa Usa River, na hiyo masta ninayoizungumzia naisoma mwenyewe. Nasoma jioni na siku za mapumziko. Ada natoa mfukoni, huku Bodi ya Mikopo ikiendelea kukata asilimia 15 ya mshahara wangu kwa deni la shahada ya kwanza. Nayataja haya ili nieleweke tangu mwanzo kwamba siipigi vita elimu hii. Naigharamia, na naipenda.

Imenipa mengi. Chukua Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria ya kazi, zinazotaka mfanyakazi anayetuhumiwa apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja kwenye kikao na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kanuni hiyo unaweza kuifuata ofisini kwa kutazama saa tu. Mwalimu wetu, ambaye kwa miaka mingi amekaa kwenye meza za usuluhishi, alitufundisha tujiulize mtuhumiwa anafanya nini ndani ya saa hizo: anamtafuta nani, nauli anaipata wapi, na barua ya tuhuma aliyopewa kwa Kiingereza anasomewa na nani. Tangu somo lile, barua zote za nidhamu zinazotoka mezani kwangu ni za Kiswahili.

Ndiyo maana linaniuma ninaloliona muhula wa utafiti unapofika. Wanafunzi wanakuja getini na bahasha za kaki, ndani kuna barua ya chuo na mara nyingine ya Katibu Tawala wa Mkoa. Mada zao zinafanana kama zimetoka kiwandani: athari za motisha kwa utendaji wa wafanyakazi, mchango wa mafunzo kazini, uhusiano kati ya mshahara na watu kuacha kazi. Kinachobadilika ni jina la shamba au hoteli. Wanaacha rundo la madodoso, wanaomba yakusanywe kabla ya Ijumaa, wanashukuru, wanaondoka. Mwaka unaofuata tunaona picha zao za mahafali kwenye simu.

Dodoso lenyewe wasomaji wengi wamewahi kukutana nalo. Kuna sentensi, na mbele yake visanduku vitano, kuanzia nakubali sana mpaka sikubali kabisa. Kwetu linajazwa saa ya chakula katika banda la kufungia maua. Wanawake waliotoka kuchambua mawaridi tangu asubuhi wanavua glovu, vidole vimekakamaa kwa ubaridi wa maji na wa chumba cha baridi kilicho jirani. Sahani ya wali na maharage ipo kulia, karatasi kushoto, na kalamu moja inazunguka meza nzima. Asiyesoma vizuri anasomewa na mwenzake, na mara nyingi mwenzake huyo ndiye anayemwambia pia aweke tiki wapi.

Siku moja mama mmoja, wa zamani pale shambani kuliko sisi wote wa ofisini, alinirudishia karatasi yake akaniuliza, "Mwanangu, hivi haya majibu yetu huwa yanakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Chuoni, mama."

"Na huko chuoni wanayafanyia nini?"

Nilimweleza habari za tasnifu, wasahihishaji na maktaba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema basi na sisi watuletee tusome. Sijasikia hoja yenye nguvu zaidi ya hiyo darasani.

Mhariri, nadharia tunazozitumia zilizaliwa mbali, na hilo si kosa. Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1959. Humo ndimo tulimopata ule mgawanyo kwamba mshahara na mazingira ya kazi vikiharibika mtu hukasirika, lakini kinachomsukuma hasa ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kupewa dhamana. Karibu kila pendekezo la utafiti ninaloletewa linamtaja. Ila tazama Herzberg aliulizaje. Aliwaomba watu wasimulie: kumbuka wakati ulipoifurahia sana kazi yako, kisha kumbuka ulipoichukia, niambie kilitokea nini. Aliacha watu waseme. Hata kule Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, baada ya majaribio maarufu ya kubadilisha mwanga wa taa ili kuona kama kazi itaongezeka, watafiti waliendesha mahojiano na wafanyakazi zaidi ya 20,000, na kadiri siku zilivyokwenda wakajifunza kuacha maswali waliyoyapanga na kumfuata mfanyakazi anakotaka kwenda. Sisi tumechukua hitimisho la wazee hao tukaacha masikio yao. Tumebaki na visanduku vitano.

Visanduku hivyo vinadanganya, na hilo nililiona kwa macho yangu mwaka jana. Nilikuwa nimeanza kumpa kila mwanafunzi sharti: ukitaka kuingia shambani, utie saini kwamba utarudi na matokeo kabla hujakabidhi tasnifu chuoni. Wengine walikwenda kutafuta shamba lisilo na masharti. Kijana mmoja akakubali, na akarudi kweli. Alisimama bandani saa ya chakula, akasoma kwamba kwa sehemu kubwa wafanyakazi wanaridhika na jinsi malalamiko yao yanavyoshughulikiwa. Banda zima likacheka.

Akauliza kulikoni. Dada mmoja wa mstari wa pili akamjibu, "Karatasi si tulimkabidhi supavaiza? Wewe ulitaka tuandike nini?"

Kijana yule angeweza kukunja karatasi zake akaenda kufunga jalada. Alirudia kazi. Safari hii alikuja na sanduku lenye kufuli, akaliweka mbali na ofisi, akaacha majina yasiandikwe, na akakaa na watu wachache wachache chini ya miti nje ya uzio ili wamsimulie. Majibu yaligeuka. Yaliyotoka yalihusu hesabu ya saa za ziada, ambazo sheria inataka zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida: nani anaziandika, nani anazisahihisha, na kwa nini karatasi ya mahudhurio hukaa kwa mtu mmoja. Aliandika sura nzima kuhusu tofauti ya awamu zile mbili, na msimamizi wake chuoni akaipenda kuliko sura nyingine zote. Na sisi ofisini tukabadilisha utaratibu: karatasi ya saa za ziada sasa inabandikwa ukutani kila Jumamosi, kila mtu anaona zake kabla hazijaenda kwa mhasibu.

Kurudi kwa mwanafunzi kunawanufaisha wafanyakazi, ndiyo, lakini kunaiokoa pia tasnifu yenyewe isiwe ya uongo. Vyuo vinavyojali ubora wa utafiti vingepaswa kulitaka hili vyenyewe, bila kungoja afisa wa shamba awawekee watu masharti getini.

Kuna jambo la pili lililo karibu na moyo wangu, nalo ni mada zinakotoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sasa mtazame mama anayeishi Kikatiti na kufanya kazi kwetu. Kwenda nyumbani na kurudi, kwa hiace na bodaboda, kunazimaliza saa hizo pamoja na fedha yake ya siku. Kwa hiyo bibi au dada wa nyumbani anamleta mtoto mpaka getini saa nne asubuhi, na mama ananyonyesha kwenye benchi la mlinzi, malori yakipita na vumbi lake. Wengine wanaomba saa zao ziunganishwe mwisho wa siku ili watoke mapema, na wasimamizi wa mistari wanawaambia hakuna kitu kama hicho. Wengine wamekata tamaa, mtoto ameanzishiwa uji kabla ya wakati.

Hiyo ndiyo mada niliyoipeleka kwa ajili ya tasnifu yangu: saa mbili za kunyonyesha zinatumikaje kwa wanawake wa mashamba ya maua ya Meru. Nilishauriwa nichague kitu chenye nadharia inayojulikana, motisha kwa mfano, kwa sababu madodoso yake yapo tayari na uchambuzi wake kwenye kompyuta hauna shida. Walionishauri hawakuwa na nia mbaya. Walitaka nimalize haraka. Lakini nilikataa, na mada imepita baada ya marekebisho. Kama hatutasomea maswali haya, wale mama watayapeleka wapi? Wanafunzi wangapi wa kazi hii wameiacha mada iliyowapata kazini kwao wakachukua ile iliyo rahisi kukokotoa?

Najua maofisa wenzangu wana hofu. Wanaogopa kwamba matokeo yakisomwa mbele ya watu yatawasha moto, au kesho yatatumika kama ushahidi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba malalamiko yapo, yasomwe yasisomwe. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na migogoro mingine ina siku 60. Nimekaa kwenye korido za Tume hapa Arusha nikingoja shauri letu liitwe, na nimesikia watu wakisimulia mambo ambayo yangeisha bandani kwao kwa mazungumzo ya saa moja. Afadhali nisikie bandani kutoka kwa mwanafunzi mwenye karatasi mbili kuliko kusikia pale.

Wanafunzi nao wana hofu ya muda, na naielewa kwa sababu ni yangu pia. Mtu anayefanya kazi mchana na kusoma usiku hana wiki ya ziada. Ndiyo maana siombi semina wala ripoti nyingine. Naomba kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, zisizo na jedwali hata moja, na nusu saa ya kusimama mbele ya watu waliokusaidia kupata shahada. Chuo kiweke fomu ya kugongwa mhuri na mwajiri na kusainiwa na mwakilishi wa wafanyakazi, iwe moja ya karatasi zinazokabidhiwa pamoja na tasnifu iliyofungwa jalada. Nakala ya kurasa hizo ibaki kwenye ubao wa matangazo, na nyingine ipewe tawi la chama cha wafanyakazi, maana wanapokaa na mwajiri kujadili mkataba wa hali bora, yaani wa mishahara na masharti ya kazi, huwa hawana kitu cha kuonesha zaidi ya maneno.

Na tafadhali, wanafunzi, msituombe orodha za mishahara yenye majina ya watu. Tangu itungwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla yake, hilo si jambo la kufanyiana kwa urafiki.

Kwa watakaotaka kuja shambani kwetu msimu ujao, geti liko wazi kwa sharti lilelile la saini. Pangeni kuja Oktoba au Novemba, na marejesho yawe Machi. Kuanzia katikati ya Januari tunakimbizana na oda za Siku ya Wapendanao, wanawake wa bandani wanaondoka jioni sana, na hiyo si saa ya kumwekea mtu dodoso mbele.

Wako,
Afisa rasilimaliwatu na mwanafunzi wa uzamili,
Usa River, Arusha