Shukrani kwa mzee wa mizani, Makoroboi, Mwanza

Shikamoo mzee wetu. Ulitusaidia kuzitambua sarafu zetu za zamani, hukutaja jina, ukatuachia kazi ya kukushukuru hadharani.

Ile sarafu ya shaba ya njano tuliyoiita feki kwa sababu ya ubovu wa chapa, kumbe ni heller 20 (pesa ndogo ya Mjerumani) ya 1916. Ulituonyesha taji, D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), na herufi T chini ya mwaka: Tabora, ilikopigwa kwenye karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ubovu huo ni wa haraka ya vita. Feki ya kumimina ndiyo huwa na vitundu vya hewa usoni na mshono ukingoni.

Zile mbili zenye herufi za mwenye shamba na namba tupu, bila jina la nchi wala mfalme, umesema ni vibati vya vibarua, vilivyotolewa na shamba lenyewe, si pesa ya serikali. Uzito wake ukipishana tusishangae, shamba halikuwa na benki ya kulikagua. Usomwe kwa mizani ya gramu 0.01, kipenyo kwa kaliba.

Na asante kwa kutunyang'anya ndimu na majivu tuliyosafishia sarafu! Asidi inakula ngozi ya shaba, thamani inakwenda nayo. Sasa tunaziloweka kwenye maji yaliyokenekwa (distilled) siku 2, tunatoa uchafu kwa kijiti cha meno, tunakausha kwa kugusisha kitambaa, hatusugui. Vifuko vya plastiki laini ya PVC tumevitupa, vinatoa utando wa kijani. Na kwa unyevu huu wa ziwa, kila boksi lina pakiti ya kufyonza maji.

Ile sarafu ya tundu katikati tuliyokuwekea bado hujaichukua, mzee. Ipo.