Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: kabla msikiti wa kale haujapigwa nyundo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Baada ya salamu, naanza na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nimekuja kushtaki watu. Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha pwani, tulichangishana kukarabati msikiti wa kale. Sitautaja, maana waliochanga walikuwa na nia njema, na mimi nilikuwemo. Marumaru za kwanza nilizishusha garini kwa mikono yangu. Tulibandua chokaa, tukapiga plasta ya saruji, tukaweka dari la jipsamu. Kibla ya matumbawe yaliyochongwa, yaani kile kidaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa Makka, ilikuwa na ufa, fundi akasema inaharibu sura. Ikavunjwa kati ya adhuhuri na alasiri. Masika ya pili plasta ikaanza kutoa chumvi na kumenyuka kama ganda la muhogo uliochemshwa.

Babu yangu alikuwa mchoma chokaa, na angekuwa hai angetukataza. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka chini na kuupumua nje. Chokaa inaupitisha; saruji inaufungia ndani, chumvi ikakosa njia, ikasukuma. Yeye alikuwa akipanga magogo duara, anarundika matumbawe juu, anawasha moto katikati. Chokaa ikishaiva inamwagiwa maji na kuachwa ilale miezi. Tulipokuwa watoto tulikatazwa hata kuisogelea.

Utaniuliza, Mheshimiwa, kwani ukuta ni ibada? Si ibada, lakini unasema imani ya waliousimamisha. Chukua hiyo kibla. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwetu, kwa hiyo msikiti wa Kilwa au Lindi unatazama kaskazini, na wazee wetu wakisema "upande wa kibla" mabaharia walijua ni upande gani wa dira. Tumbawe la kuchonga kibla lilitolewa baharini likiwa hai, maana likiwa bichi ni laini na linakubali patasi. Likipigwa na hewa linakuwa gumu. Fundi alikuwa na muda mfupi, akautumia kuchonga mafundo, maua na mistari inayojirudia, bila sura ya mtu wala mnyama, akijizuia kuchora chenye roho mahali pa kumsujudia Mwenye kuumba roho.

Nenda Kilwa Kisiwani ukauone Msikiti Mkuu. Ulianza kujengwa karne ya 11, ukaja kupanuliwa upande wa kusini, ukaezekwa makuba. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa uchaji. Usipite haraka penye kisima na birika la udhu: ndipo ilipoanzia sala, kwa maji na miguu safi, na waliojenga walipatengenezea mahali pake kwa jiwe kama walivyoitengenezea kibla. Kisha uingie ule msikiti mdogo wa kuba, utazame juu. Mabakuli ya kigeni yamepachikwa darini, chombo cha mezani kimegeuzwa pambo la nyumba ya Mungu. Hao walikuwa wafanyabiashara walioiona dunia, na walichokiona hawakukiacha mlangoni.

Siku hizi tunadhani msikiti bila mnara mrefu haujatimia. Misikiti mingi ya kale ya pwani hii haikuwa na mnara kabisa. Siupingi mnara, adhana ya alfajiri ikitoka juu mimi mwenyewe hunisisimua, ila tusione aibu kwa kile tulichokuwa nacho.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kazi ikafanyika, na mwaka 2014 yakaondolewa humo. Alhamdulillahi. Lakini tazama ajabu hii: msikiti uliokufa una mlinzi, na ule unaosaliwa mara tano kwa siku hauna. Unalindwa na kamati yenye haraka na fundi anayejua saruji tu.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Huku vijijini ni wangapi wameisikia? Mimi niliisikia baada ya kibla kuvunjwa.

Ombi langu: zielekeze halmashauri za mkoa wako kwamba yeyote anayetaka kuvunja au kukarabati msikiti wa kale asianze mpaka mtu wa Idara ya Mambo ya Kale na fundi wa chokaa wameukagua. Na mafundi hao wafundishwe, maana waliobaki ni wazee. Sisemi turudi kukata mikoko na kuvunja matumbawe. Hayo yamekatazwa na ni haki. Jiwe la chokaa lipo nchi kavu, huku kusini linachimbwa kila siku kutengenezea saruji. Sehemu ndogo tu ya jiwe hilo ingetosha kuta zetu zote.

Kuhusu ile kibla: jioni ile niliokota vipande vinne kwenye kifusi, kimoja kina ua lote zima. Vimo kwenye gunia, chini ya kitanda changu. Mtu wa Mambo ya Kale akipangiwa safari ya huku, aulizie kwa mjukuu wa mchoma chokaa, ataletwa.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Mjukuu wa mchoma chokaa,
Lindi