Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kanuni za jimbo, mfuko wa misiba na ada zetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha Wakenya hapa Minnesota, wazee wetu, akina mama na vijana,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nazipitia upesi. Mwaka huu tulikutana mara nane. Tulifiwa mara mbili. Mfuko wa misiba ulitoa dola 3,000 kwa kila familia, na marehemu wote wawili walifika nyumbani Kenya na kuzikwa kwa heshima. Wagonjwa watano walitembelewa. Vijana wanne walimaliza sekondari na tukawapongeza. Pikiniki ya Julai ilifana, nyama ikatosha, na nawashukuru akina mama wa kamati ya mapishi.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limesemwa kwenye simu, nje ya kanisa na kwenye harusi, mara nyingi mimi nikiwa sipo. Mwezi wa Machi nilichukua dola 2,400 kutoka mfuko wa misiba kumlipa wakili, ili chama kidai kusikizwa hadharani kuhusu kanuni mpya za nyumba za kulea wazee. Uamuzi huo ni wangu. Niliwapigia simu wanakamati watano kati ya saba, wanne wakakubali, mmoja akasema tungoje. Mweka hazina alitekeleza nilichomwambia, kwa hiyo wanaomlaumu naomba wamwache, waje kwangu.

Lakini kabla hamjanihukumu naomba mwelewe kazi hii inavyokwenda hapa Minnesota, maana nimegundua wengi wanadhani kanuni hutoka tu kama mvua.

Bunge la jimbo hupitisha sheria, kisha idara husika ndiyo huandika kanuni za utekelezaji. Ndivyo ilivyo kwetu: tangu tarehe 1 Agosti 2021 sheria imetaka nyumba za wazee wanaosaidiwa ziwe na leseni, na kanuni ndizo zinazotuambia siku kwa siku tufanye nini. Idara haiwezi kuandika kanuni usiku na kuitangaza asubuhi. Sura ya 14 ya sheria za Minnesota inaitaka kwanza itangaze kwamba inakusudia kuandika na iombe maoni, angalau siku 60 kabla ya hatua inayofuata. Tangazo hutoka kwenye gazeti rasmi la jimbo, ambalo huchapishwa kila Jumatatu. Kisha hutoka tangazo la pili pamoja na rasimu yenyewe, na wananchi hupewa siku 30 za kuandika maoni. Ndani ya siku hizo, watu 25 wakidai kwa maandishi, idara hailazimiki tu kusoma barua, inalazimika kufika mbele ya jaji wa masuala ya utawala na kueleza hadharani kwa nini kanuni hiyo inahitajika na kwa nini ina mantiki. Wasipofika 25, mambo huishia kwenye karatasi.

Sisi tuliotoka Kenya tumezoea kudai ushirikishwaji wa umma tangu Katiba ya 2010. Hapa pia upo, ila unahesabiwa kwa vichwa na kwa saa.

Tangazo la kwanza nililiona Novemba. Nililisoma kikaoni, nikatafsiri kipengele kwa kipengele. Dondoo za kikao zinaonyesha nilipouliza nani ataandika maoni, hakuna aliyeinua mkono, na ajenda iliyofuata, ya sare za pikiniki, ilijadiliwa dakika arobaini. Niliiandikia idara barua peke yangu mwezi huo, kurasa tatu, kwa jina langu, kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kutumia la chama.

Februari rasimu ikatoka. Kipengele kilichotugusa kilisema kumbukumbu za kila zamu zipitiwe na kusainiwa na muuguzi mwenye leseni ndani ya saa 24. Kwa kituo kikubwa chenye wauguzi kila siku hilo si neno. Kwa nyumba yenye wazee watano, ambako muuguzi huja mara moja kwa wiki, ni mzigo. Mwanachama mmoja alikaa nami tukapiga hesabu: saa mbili za muuguzi kila siku, dola 42 kwa saa, mwaka mzima ni dola 30,660. Hiyo ni zaidi ya faida yake yote. Na hesabu hiyo ilikuwa na maana kisheria, maana idara hutakiwa kueleza kama kanuni itamgharimu mfanyabiashara yeyote mwenye wafanyakazi wa muda wote chini ya 50 zaidi ya dola 25,000 katika mwaka wa kwanza. Ikizidi, biashara ndogo ina haki ya kudai isibanwe kwanza. Idara ilikuwa imeandika kwamba haitazidi.

Niliitisha kikao cha dharura Jumamosi. Akidi yetu ni watu 22. Walikuja tisa, nami nikiwemo. Tulingoja saa moja na nusu, chai ikapoa, nikapiga simu hadi betri ikaisha. Katiba ya chama inasema matumizi yanayozidi dola 1,000 yaidhinishwe na wanachama, nami naijua, nilikuwa kwenye kamati iliyoiandika. Lakini wanachama hawakuwepo, zilibaki siku kumi na moja, na akaunti ya kawaida siku hiyo ilikuwa na dola 640. Mfuko wa misiba ulikuwa na dola 14,300. Nauliza kwa unyenyekevu: mngekuwa mimi mngefanya nini?

Wengine wanasema wakili hakuhitajika, kwamba kuandika barua ni bure. Ni kweli ni bure. Lakini barua ya kudai kusikizwa ina masharti. Lazima iwe na jina na anwani ya mwandishi, na itaje sehemu ya kanuni anayoipinga au iseme anapinga yote. Ikikosa hayo haihesabiwi. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho nilizitandaza barua zetu juu ya meza ya jikoni, nikazisoma moja moja. Zilikuwa 29. Moja ilikuwa na neno moja tu, “Napinga,” na sahihi. Mbili hazikuwa na anwani. Nyingine mama mmoja alikuwa ameandika nyuma ya risiti ya duka, kwa mwandiko mzuri sana, sababu tatu nzito kuliko zangu, lakini hakutaja kipengele. Na mbili zilikuwa za mtu mmoja, kaandika mara mbili kwa kuogopa ya kwanza imepotea. Zilizofaa zilikuwa 24.

Saa nane usiku nikampigia ndugu yetu aliyekuwa zamu ya usiku huko Brooklyn Park. Alitoka nje dakika tano za mapumziko yake, kukiwa na theluji, akasaini barua yake juu ya boneti ya gari langu huku wino ukigoma kwa baridi. Ikabidi aipashe kalamu joto kwapani. Hiyo ilikuwa ya 25. Asubuhi mama wa risiti naye akaandika upya, tukawa 26. Mwisho ulikuwa saa kumi na nusu jioni na barua zote zilikuwa zimeshafika saa sita mchana. Chama chenye wanachama 64 kilipona kwa barua moja ya ziada.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu kati ya wanaolalamika leo kuna wenye nyumba za wazee ambao hawakuandika hata mstari.

Kikao mbele ya jaji kilifanyika Aprili kwa njia ya video. Nilichukua siku mbili za likizo yangu mwenyewe, bila malipo. Nilitoa ushahidi dakika kumi na mbili, na wanachama wengine wanne wakazungumza baada yangu. Mmoja alizungumza Kiswahili na mwanawe akamfasiria. Wakili ndiye aliyetuonyesha kwamba baada ya kikao jaji anaweza kuacha jalada wazi hadi siku 20 kupokea maandishi zaidi, na kisha siku tano za kazi za kujibu yaliyoandikwa na wengine. Hesabu yetu ya dola 30,660, pamoja na stakabadhi za malipo ya wauguzi kutoka nyumba tatu, iliingia katika siku hizo. Bila yeye ningeamini kazi imekwisha siku ya kikao.

Matokeo mnayajua nusu. Idara yenyewe, kabla jalada halijafungwa, ilikubali kubadilisha saa 24 kuwa siku saba kwa nyumba ndogo, na muuguzi aruhusiwe kusaini akiwa mbali. Jaji aliona badiliko hilo halikuifanya kanuni kuwa kitu kingine kabisa, kwa hiyo halikuhitaji kuanza upya. Ombi letu kwamba mafunzo ya wafanyakazi yaruhusiwe kutolewa kwa lugha yetu halikukubaliwa, nami sitadai ushindi usiokuwepo. Lakini kila mwenye nyumba ndogo humu anaokoa fedha kila wiki kwa sababu ya barua 26, na mwenye nyumba tano asiyelipa ada anaokoa sawasawa na aliyelipa.

Kuna waliosema tumeichokoza idara na wakaguzi watatulipizia. Hadi leo sijapokea malalamiko ya mwanachama yeyote aliyekaguliwa nje ya zamu yake. Maoni ya wananchi yapo kwa mujibu wa sheria. Na waliosema chama ni cha madereva wa malori na wauguzi pia, si cha wenye nyumba peke yao, nawasikia. Nimejibu hivi na narudia: wauguzi wetu wengi wameajiriwa na nyumba hizo hizo, na nyumba ikifungwa zamu zao zinakufa nayo.

Kuhusu mfuko wa misiba, hakuna familia iliyopungukiwa hata senti. Msiba wa pili ulitokea Mei, deni likiwa halijalipwa, na familia ilipata dola 3,000 zake siku ya pili. Tumerudisha dola 1,500. Zimebaki 900.

Kwa nini zimebaki? Hapo ndipo penye kidonda. Ada ni dola 15 kwa mwezi, 180 kwa mwaka. Wanachama 64 wangelipa, tungekusanya 11,520. Tulikusanya 6,310. Waliolipa yote ni 27, waliolipa kidogo kidogo ni 19, na 18 hawajatoa chochote tangu Januari. Tulianza mwaka na 118. Matumizi: ukumbi 1,100, pikiniki 2,450, benki na usajili 340, uchapaji 215. Ukiondoa hayo na zile 1,500 zilizorudi kwenye misiba, akaunti ina dola 823, ambazo hazitoshi hata deni. Anayeniuliza kwa nini mfuko haujajaa aanze kwa kuangalia jina lake kwenye daftari. Mweka hazina amekuja nalo.

Mahudhurio nayo yamenikatisha tamaa. Vikao nane, na viwili tu vilifikisha akidi, kimoja kikiwa cha kugawana kazi za pikiniki. Najua zamu za usiku, najua theluji, nami ninafanya kazi kama ninyi. Mwaka huu nimeendesha gari kwa shughuli za chama bila kudai mafuta, na mke wangu ameazima sebule yake mara kumi na moja.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kumaliza deni mapema. Tunatarajia kupata ukumbi wa bei nafuu zaidi, na vijana wajitokeze wachukue nafasi kwenye kamati. Kuhusu kanuni, idara huweka orodha ya watu wanaotaka kuarifiwa kila inapoanza kuandika kanuni, na kujiandikisha ni bure. Kwa sasa kutoka chama chetu nimo mimi peke yangu. Fomu ziko kwenye meza ya mlangoni, pamoja na kalamu. Naomba anwani iandikwe kamili.

Naomba pia kikao hiki, kwa kuwa leo mmekuja 31 na akidi imetimia, kipige kura kuhusu zile dola 2,400: kuidhinisha au kukataa. Mkikataa, nitalipa 900 zilizobaki kutoka mfukoni mwangu kwa awamu tatu, kuanzia mwezi ujao.

Mwenyekiti