Malalamiko kuhusu maji na ulishaji katika mchezo wenu wa bustani ya wanyama wa baharini

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Huduma kwa Wachezaji,

YAH: HITILAFU ZA MFUMO WA MAJI NA ULISHAJI TANGU SASISHO LA MWISHO

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Sisi ni wachezaji wa mchezo wenu wa kusimamia bustani ya wanyama wa baharini, tunaoucheza kwenye kompyuta, wengi wetu tukiwa Tanzania na Kenya. Tumeununua kwa bei kamili na tunautaka udumu, ndiyo maana tunaandika kwa kirefu. Lalamiko letu kubwa ni maji. Bustani ya bahari inasimama au inaanguka kwa maji yake, lakini mchezo wenu umeyafanya pambo: yanang'aa vizuri kwenye skrini, ila hesabu iliyo nyuma yake haishiki. Pomboo wanakufa ndani ya matangi ambayo kipimo kinasema ni safi kwa asilimia 100, na mchezaji hana mahali pa kusoma sababu.

Hitilafu yenyewe mnaweza kuiona hivi. Fungueni bustani ya majaribio isiyo na wageni. Jengeni tangi la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita 3, yaani mita za ujazo 300. Liungeni na kichujio kimoja cha mchanga, kisha wekeni pomboo wawili. Pembeni yake jengeni tangi la mita 20 kwa 15 lenye kina cha mita 6, yaani mita za ujazo 1,800, mara sita ya lile la kwanza. Nalo lipeni kichujio kimoja cha aina ileile, lakini wekeni pomboo kumi na wawili. Endesheni mchezo kwa kasi ya juu mpaka mwezi uishe. Kipimo cha usafi kitasoma sawa katika matangi yote mawili. Wakati huohuo, pomboo wa tangi kubwa wataanza kuonyesha alama ya ugonjwa wa ngozi, halafu watakataa chakula.

Kwa jinsi tunavyoona, kipimo kinauliza swali moja tu: je, tangi lina kichujio? Likiwa nacho, jibu ni safi. Hesabu ya ugonjwa kwa upande wake inaangalia idadi ya wanyama. Hesabu hizo mbili hazizungumzi, na mchezaji anaadhibiwa na ile asiyoiona.

Katika bustani halisi swali ni muda ambao pampu inachukua kupitisha maji yote ya tangi kwenye kichujio mara moja. Pampu inayosukuma mita za ujazo 600 kwa saa inalimaliza tangi la 300 kwa nusu saa, na lile la 1,800 kwa saa tatu. Uchafu unaozalishwa katika kila mita ya ujazo ni uleule, kwa sababu pomboo nao wameongezeka mara sita, ila usafishaji umepungua mara sita. Pomboo mwenye kilo 200 hula takriban kilo 10 za samaki kwa siku. Kumi na wawili wanakula kilo 120, na mabaki ya mlo huo yanatoka humohumo wanamoogelea. Kwa hiyo mchezo unahitaji namba tatu tu ili useme kweli: ujazo wa tangi, uwezo wa pampu, na uzito wa chakula kilichotolewa siku hiyo. Zote tatu tayari mnazo kwenye paneli zenu, kila moja katika ukurasa wake.

Hata kipimo chenyewe kingefaa kuwa cha kitu kinachoeleweka. Kanuni za Marekani za utunzaji wa mamalia wa baharini, kwa mfano, zinataka bakteria wa jamii ya kolifomu, ambao ni dalili ya kinyesi majini, wasizidi 1,000 katika mililita 100 za maji. Namba ya namna hiyo ingemwambia mchezaji amebakiza kiasi gani kabla ya hatari. Asilimia isiyojulikana ni asilimia ya nini haimsaidii.

Chumvi nayo imekosewa, na kosa hili linaua polepole kiasi kwamba wachezaji wengi wanadhani ni maradhi. Mlipoongeza uvukizi wa maji, mlifanya jambo zuri. Lakini kitufe cha kujaza tangi kinaleta maji ya bahari. Chumvi hairuki na mvuke. Maji yakipanda hewani, yenyewe inabaki. Chukueni tangi lilelile la mita za ujazo 1,800 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita. Ndani yake mna tani 63 za chumvi. Yakivukizwa maji asilimia 10, yaani mita za ujazo 180, kisha mkajaza kwa maji ya bahari, mnaongeza tani 6.3 juu ya zile 63, na tangi linasoma gramu 38.5 kwa lita. Jazeni tena mara ya pili na ya tatu kwa mtindo huo, mtafika mahali ambapo samaki wengi wa miambani hawawezi kustahimili. Kilichopungua kwa uvukizi hurudishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya bahari hutumika pale ambapo maji yametolewa pamoja na chumvi yake, kama wakati wa kuosha kichujio cha mchanga kwa kurudisha maji kinyume. Tunaomba vitufe viwili, kimoja cha kila kazi. Mpaka hapo, njia pekee tuliyoipata ya kuwaokoa wanyama ni kumwaga robo ya tangi na kulijaza upya, na hilo linagharimu fedha nyingi kwa bustani changa.

Halafu kuna klorini. Dawa hii mmeiweka katika bomba kuu, hivyo ukiiwasha kwa ajili ya bwawa la pomboo inaingia katika kila tangi lililo kwenye bomba hilo. Pomboo na simba bahari wanavuta hewa kwa mapafu, na mabwawa yao yanaweza kutiwa klorini kwa kipimo kidogo kinachoangaliwa. Samaki wanapumua kwa matamvua, nayo klorini inayaunguza. Zaidi ya hapo, inaua bakteria wazuri wanaokaa ndani ya kichujio cha kibiolojia, wale wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na taka za wanyama, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti. Bakteria hao wakifa, amonia inapanda hata kama pampu ni mpya na mchanga umeoshwa, na katika maji ya bahari yenye pH (kipimo cha asidi) ya 8 na zaidi kidogo amonia ni sumu kali kuliko katika maji yenye pH ya chini. Kuwarudisha huchukua wiki kadhaa. Mchezo wenu hauonyeshi amonia popote, kwa hiyo mtu anaona papa wake wakifa mmojammoja siku chache baada ya kuwasha klorini kwa ajili ya pomboo, na hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Kila tangi liwe na valvu yake. Na katika vichujio vya samaki, wekeni mshale unaoonyesha bakteria wamefikia kiasi gani, ili mtu asilijaze tangi jipya papa siku lilipokamilika.

Kwa sababu hiyohiyo, tangi la karantini halina maana yoyote kwa sasa. Mnyama mgeni anatengwa kwa kuta huku maji yake yakipita katika kichujio kimoja na ya wenzake. Karantini ya kweli ina pampu yake, kichujio chake, ndoo na nyavu zake, na mlishaji huingia humo mwisho baada ya kumaliza kwingine. Tunajua kwamba ndoo na nyavu zinaweza kuwa kazi kubwa kwa wapangaji programu. Basi anzeni na bomba.

Kuhusu walishaji, hitilafu imekuja na sasisho la mwisho; kabla yake haikuwapo. Mlishaji akifika kwenye lango la tangi akakuta mwenzake yuko ndani, anageuka, anaweka ndoo chini na kurudi kwenye chumba cha mapumziko. Kazi inaandikwa kuwa imekamilika. Wanyama wanalala na njaa, huku taarifa ya siku ikionyesha kilo zote zimetolewa stoo na fedha zimekatwa. Ukiwa na walishaji watatu au zaidi katika eneo moja hali ni mbaya zaidi kuliko ukiwa na mmoja, na wachezaji wapya hufanya kile ambacho kila mtu angefanya: wanaajiri wengine. Kwa anayekwama leo, kinachosaidia ni kujenga malango mawili pande tofauti za tangi, kumpa kila mlishaji tangi lake katika ukurasa wa maeneo ya kazi, na kupishanisha saa zao kwa angalau saa mbili. Inasaidia, haiponyi.

Vidonge vya vitamini navyo havichukuliwi tena na walishaji, ingawa viko stoo. Hili si jambo dogo. Samaki wa barafu hupoteza vitamini na maji wanapogandishwa na kuyeyushwa, na aina fulani, kama heringi, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Ndiyo maana katika bustani halisi wakufunzi huficha kidonge ndani ya shavu la samaki wa kwanza wa asubuhi. Mchezo unahesabu upungufu wa vitamini vizuri kabisa. Kilichoharibika ni mkono wa kuvifikisha.

Nguva wanalishwa samaki. Jamani, nguva hula nyasi bahari! Mtu yeyote wa pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Rufiji, atawaambia hivyo. Kasa wakubwa wa kijani nao ni walaji wa nyasi bahari, wakati kasa aina ya ng'amba hula zaidi sponji. Orodha yenu imewatia kasa wote katika kapu moja la ngisi na kamba. Haya ni mabadiliko ya mistari michache katika jedwali la chakula.

Katika suala la maonyesho na mapato, ni haki mjue kwamba sisi wenyewe hatukubaliani. Wako wanaotaka maonyesho ya pomboo na nyangumi wauaji yabaki kama yalivyo, kwa hoja kwamba upangaji wa ratiba ndio sehemu yenye mvuto zaidi: saa za mazoezi, mapumziko, na uwanja unaojaa kabla ya mvua. Wako wanaotaka njia nyingine ya kukuza bustani, na wanakumbusha kwamba SeaWorld, kampuni ya bustani za bahari ya Marekani, ilitangaza mwaka 2016 kuacha kuzalisha nyangumi wauaji, na Kanada ikapitisha sheria mwaka 2019 ya kukomesha ufugaji mpya wa nyangumi na pomboo. Tunachokubaliana wote ni kwamba leo hakuna uchaguzi. Kituo cha kuwaokoa kasa walionaswa na nyavu kinakula fedha za madaktari na chakula, kisha mnyama anayerudishwa baharini anahesabiwa kama hasara ya mali, na sifa ya bustani inashuka. Kurudisha kasa aliyepona kunapaswa kuongeza sifa, hata kama hakuleti tiketi siku hiyo.

Msituone tunadai yasiyowezekana. Marine Mania, nyongeza ya mchezo wa bustani ya wanyama wa Zoo Tycoon iliyotoka mwaka 2002, ilikwishawapa wanyama wa majini wataalamu wao tofauti na walishaji wa nchi kavu. Megaquarium, mchezo wa kusimamia akwaria wa mwaka 2018, inafanya uchujaji wa maji kuwa moyo wa mchezo, na watu wanaufurahia. Mashine zetu, nyingi zikiwa na RAM ya gigabaiti 8, zinabeba hesabu hizi bila shida. Kinachozilemea ni mwakisiko wa mwanga juu ya maji, ambao sasisho la mwisho liliuwasha tena hata kwa waliouzima.

Kuna jambo la upakuaji pia. Marekebisho madogo yanatulazimisha kuupakua mchezo mzima upya. Kwa anayetumia bando la simu, hiyo ni gharama inayokaribia kuununua mara ya pili. Toeni faili la mabadiliko peke yake.

Tunaomba, kwa mpangilio huu: kwanza mrekebishe walishaji na vidonge, kwa kuwa bustani zilizojengwa kwa muda mrefu zinakufa sasa hivi, pili mrudishe uwezo wa kufungua toleo lililotangulia, ili mwenye faili la zamani aendelee kucheza wakati mnashughulikia mengine, tatu mtenganishe mabomba na vitufe vya kujaza maji, kisha ndipo muiandike upya hesabu ya uchujaji. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 likitaja ni lipi mtafanya na lini. Wasioridhika na jibu hilo wataomba kurudishiwa fedha zao.

Tumeambatanisha faili mbili za bustani za majaribio zilizoelezwa hapo juu, picha za paneli za maji na za stoo, pamoja na jedwali la chakula tulilolisahihisha, mkitaka kulitumia lilivyo.

Ni sisi,

Wachezaji wenu wa Tanzania na Kenya