Mafuta yakimwagika, msikimbilie kupanda mikoko

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niongee kuhusu hii tabia ya kupanda mikoko kila mahali palipoharibika. Tangu ianze hii kampeni ya miti bilioni 15 kufikia 2032 ndo imezidi, kila ofisi inataka kupigwa picha imeinama kwa tope na fulana mpya. Mimi sina ugomvi na mikoko, nimekua nayo nyuma ya nyumba. Ugomvi wangu ni pale mafuta yamemwagika halafu watu wanadhani ukishaosha juu na kuchomeka miche elfu kadhaa umemaliza kazi, kumbe wakati mwingine hapo ndo unaharibu zaidi.

Sisi wa Mombasa tusiende mbali. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka na karibu tani 5,000 za mafuta ghafi zikaingia hori ya Makupa, ule mkono wa bahari. Mikoko ikafa na vyote vilivyokuwa chini yake, na kuna sehemu zilikaa miaka bila kurudi kuwa msitu. Mtu atauliza, mbona mbegu zinakuja na maji lakini hazishiki? Ni kwamba tope la mikoko ukichimba kidogo tu halina hewa, na wale bakteria wanaokula mafuta wanataka hewa ndo wafanye kazi, kwa hivyo mafuta yakishazama kupitia matundu ya kaa yanakaa mle kama nyama kwenye friza, haiozi. Juu unaona pako sawa, watalii wanapita na boti, chini bado sumu. Na mti wenyewe haufi siku hiyo hiyo. Mikoko ina aina zake, mchu unapumulia vile vidole vinavyochomoza kwa tope, mkoko wenyewe unapumulia ile miguu yake mirefu, sasa vikipakwa mafuta mti unakosa pumzi polepole, majani yanakuwa manjano, yanapukutika, miezi imepita na wale wa ndoo na glavu washaenda zao.

Tena Makupa palikuwa na balaa lingine. Ile njia ya udongo uliojazwa baharini enzi za mkoloni ilikuwa imeziba maji, bahari haikuwa inapita vizuri upande huu kwenda ule, na jaa la taka la Kibarani lilikuwa hapo hapo pembeni. Maji yasipopita mafuta yataenda wapi? Ndo maana mimi nasema daraja la Makupa lililofunguliwa 2022 badala ya njia hiyo limeifanyia hori hii mema kuliko hafla nyingi za kupanda miti, japo watu wanalisifia kwa sababu ya magari tu.

Kuna kisa cha Panama ambacho kila anayetaka kupanda angekijua kwanza. Mwaka 1986 tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka huko Bahía Las Minas, zaidi ya lita milioni 8 zikaingia baharini na hekta kama 75 za mikoko zikafa. Wakapanda, si kidogo, maelfu kwa maelfu. Mbegu zilizochomekwa mapema kwenye tope lenye mafuta zikafa, ikabidi wachimbe mashimo waweke udongo msafi ndani ndo mche ushike. Sasa sikia mwisho wake, watafiti walipokwenda kupima baadaye wakakuta kule kulikopandwa hakukushinda kule kulikoachwa kujirudia kwenyewe. Pesa yote ile! Na ukifikiria miguu iliyokanyaga lile tope kubeba miche, ikisukuma mafuta chini zaidi na kuvunja vichipukizi vilivyojiotea, mimi wala sishangai.

Hata usafi nao una ubaya wake. Alaska mwaka 1989, meli ya Exxon Valdez ilipopasuka, walileta mipira ya maji moto ya presha wakapiga mawe ya ufuo mpaka yakang'aa, televisheni ikafurahi. Waliokuja kuchunguza wakaona sehemu zilizopigwa maji moto zilichelewa kupona kuliko zilizoachwa, manake maji yale yaliua konokono na mwani waliokuwa wamenusurika na mafuta. Na samaki wa heringi wa huko walianguka mwaka 1993, miaka minne baadaye, na hadi leo hawajarudi kama zamani. Wataalamu bado wanabishana kama ni mafuta au ugonjwa au vyote, lakini mvuvi hajali kubishana, yeye nyavu zimekuja tupu.

Simaanishi tukae tu. Wenzetu wa Mauritius mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipokwama pale Pointe d'Esny walishona maboya ya majani ya miwa kwa mikono yao wakayazungusha baharini, na mimi nawavulia kofia. Mafuta yakiwa bado yanaelea, yazuie, yavute, kwa nguvu zote, yasifike kwa mikoko. Nazungumzia yakishaingia kwa tope. Hapo unafungua njia za maji, unapima tope, unasubiri, unaangalia kama mbegu zinakuja zenyewe, na kama haziji ndo unapanda, na unapanda kitu cha pale pale. Sio kila mahali mkoko eti kwa sababu mbegu yake ni ndefu na ni rahisi kuchomeka mbele ya kamera. Kwa aina hizo za mikoko, mbele kabisa kwa bahari ni pa mlilana, mkandaa unakaa ndani, mchu ndo mvumilivu unakaa huku na kule, na pale penye nyasi za bahari usipande kitu kabisa, hapo ni shamba la samaki tafi.

Sasa tuje kwa pesa, ambapo ndo hasa nilitaka kufika. Kenya na Tanzania zote zimo kwenye ule mfuko wa kimataifa wa fidia ya mafuta ya mwaka 1992. Mfuko huo unalipa ukiumia kweli na ukiwa na ushahidi, hesabu za kukadiria ati bahari yetu ina thamani ya mabilioni kadhaa hawazitaki. Wanalipa gharama za kurudisha mazingira kama zina mantiki, na hasara ya mvuvi kama anaweza kuonyesha. Halafu una miaka mitatu tangu uharibifu utokee, na kwa vyovyote isizidi sita tangu ajali. Mitatu! Wakati tope la Panama bado lilikuwa linatoa mafuta mwaka wa tano. Na mfuko wenyewe ni wa matanka tu, yaani meli za kubeba mafuta. Wakashio haikuwa tanka, ilikuwa meli ya mizigo inakwenda tupu, kilichomwagika ni karibu tani 1,000 za mafuta ya injini yake, kwa hivyo ikaangukia sheria nyingine. Meli za namna hiyo zinapita hapa bandari ya Kilindini kila siku.

Kwa hivyo swali ni hili, kesho ikitokea, tunaonyesha nini? Mama anayeokota chaza Mikindani atasema alikuwa anapata kiasi gani? Mvuvi wa mitego ya malema ana karatasi? Marekani baada ya kisima cha mafuta cha BP kulipuka baharini 2010 walibana mpaka kampuni ikakubali hadi dola bilioni 8.8 kwa ajili ya mazingira peke yake, zinalipwa kwa miaka 15, na kwenye kesi kama hiyo huwezi kubana bila rekodi za kabla. Sisi tuna madaftari ya BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, ambayo mengine yameliwa na mchwa, na mizani mbovu.

Na mafuta yanazidi kuja. Gati mpya ya mafuta ya Kipevu hapa Mombasa inaweza kushusha meli nne kwa wakati mmoja. Kule Tanga bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, na mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, ndo maana bomba linapashwa moto njia nzima. Mafuta ya kuganda yakifika kwa mizizi ya mchu sijui nani ashajaribu kuyatoa, ningependa wanaohusika watueleze mapema kabla meli ya kwanza haijapakia.

Kaunti ikitaka kuanza isingoje warsha ya hoteli. Inunue mizani, ilipe karani mmoja kwa kila BMU kuanzia Port Reitz mpaka Tudor, aandike samaki na kaa na chaza kila siku, kaskazi na kusi. KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, ipewe pesa ichukue sampuli za tope sehemu hizo hizo kila mwaka na matokeo yabandikwe bandani kwa Kiswahili. Pesa za fulana peke yake zingetosha kununua mizani.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mombasa