Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Daftari letu linasema hakuna aliyegongwa na nyoka

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mtumba, Dodoma.

Salaam kutoka Usukuma.

Mimi ni mkulima wa pamba na mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu. Kwenye vikao tunasomewa taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa madaftari ya takwimu za wagonjwa: malaria wangapi, kuhara wangapi, wajawazito wangapi. Ikifika zamu ya nyoka, sifuri. Wajumbe tunatazamana, kwa sababu tunawajua waliogongwa. Yupo mama aliyegongwa akipalilia, yupo kijana ambaye vidole vyake viwili vya mguu vilioza. Hakuna hata mmoja aliyepitia zahanati.

Usidhani ni ujinga. Zahanati haina sindano ya nyoka. Mtu akienda pale atapewa dawa ya maumivu, ataambiwa awahi hospitali ya wilaya, kisha aanze kutafuta bodaboda na hela ya mafuta usiku wa manane. Mganga wa kienyeji yuko nyumba ya tatu, na malipo atapokea hata baada ya mavuno. Basi anaenda kwa mganga, daftari linabaki jeupe. Oda ya MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, nayo hupangwa kwa kuangalia dawa ilivyotumika. Haikutumika, haiagizwi. Haiagizwi, haipo. Haipo, mgonjwa haji.

Mzunguko huu si wa kwetu peke yetu. Kampuni ya Sanofi Pasteur ilikuwa ikitengeneza Fav-Afrique, dawa iliyosifika sana kwa sumu za nyoka wa Afrika. Mwaka 2014 iliacha kuitengeneza kwa kuwa biashara hailipi, na shehena ya mwisho iliisha muda wake Juni 2016. Soko halikuwepo kwa sababu wanunuzi hawakuwa na fedha, ila wagonjwa walikuwepo siku zote.

Niruhusu nikueleze tunavyoishi na nyoka, maana mabango tunayoletewa yanasema tu "epuka nyoka". Tutamwepukaje? Mahindi tunalala nayo ndani kwa hofu ya wezi. Mahindi yanaleta panya, panya wanamleta swila, na watoto wanalala kwenye mkeka sakafuni. Swila hutema sumu machoni kutoka hatua mbili tatu, na hapo dawa ni kuosha macho kwa maji mengi, mara moja. Hilo watu wengi wanalijua. Wapo wazee wasioua kila nyoka wamwonaye, kwani wanajua ni nani anayewalia panya wa ghalani.

Kifutu ndiye anayenitia hofu zaidi, na si kwa ukali wake. Ni mzito, ana rangi ya majani makavu, na wakati nyoka wengine husikia kishindo wakakimbia, yeye hulala palepale akitegemea kwamba hutamwona. Ukimkanyaga anagonga. Mguu unavimba, unatoa malengelenge, nyama inaanza kufa. Koboko ni habari nyingine: kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, halafu pumzi inakata. Huyo hakupi muda wa kutafuta bodaboda.

Kwetu wako Bayeye, chama cha kale cha wacheza na nyoka, wenye dawa yao ya lukago. Ukifika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa Bulabo, tamasha letu la ngoma, utawaona wakicheza na chatu shingoni. Siwadharau. Wanamtambua nyoka kwa kumwangalia mara moja, jambo ambalo wauguzi wengi hawaliwezi. Ila jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halinyonyi sumu, na kamba inayofungwa juu ya jeraha la kifutu ni balaa tupu: damu haipiti, sumu inabanwa pamoja, na mguu ambao ungepona unaishia kukatwa. Chale nazo zinaongeza kidonda juu ya kidonda. Ningekuwa wewe, Mheshimiwa, ningewaita Bayeye mezani kabla ya kuchapisha bango jingine. Mganga akisema "usifunge, usimchanje, mlaze atulie, mpelekeni", atasikilizwa kuliko mimi na wewe.

Lakini wampeleke wapi? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Shirika hilohilo linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Watu wetu wasioandikwa popote wamo au hawamo katika hesabu hiyo?

Siombi dawa iwekwe kila zahanati. Sindano hii hutengenezwa kwa damu ya farasi, na mwili wa mgonjwa unaweza kuikataa ghafla, hivyo anatakiwa mhudumu aliyefundishwa, mwenye adrenalini mkononi. Naomba ifike kituo cha afya cha kata. Friji la chanjo lipo, na kuna aina za unga zisizohitaji ubaridi mkali. Ziwe chupa za kutosha, maana mgonjwa mmoja huweza kumaliza kadhaa, na apewe kwanza, mambo ya malipo yafuate. Na iwe dawa ya nyoka wa huku. Ghana na Chad waliwahi kuletewa dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa Asia, na vifo vikaongezeka.

Kuhusu daftari, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba tayari. Waulize pia nani amegongwa, aliponea wapi, au alizikwa lini. Oda ya kwanza ipangwe kwa hesabu hiyo, isipangwe kwa matumizi ya dawa ambayo haijawahi kuletwa.

Tunaanza kulima Novemba. Majani yakishaota, palizi inaanza, na wengi wetu hatuna gambuti. Ningependa oda hiyo iwe imekwishatumwa kabla ya hapo, na nakala ya majibu yako isomwe kwenye kikao chetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa pamba, mjumbe wa kamati ya zahanati, Usukuma.