Miradi ya sanaa ya watoto isigeuke kazi ya mafundi wa mabango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa upande mmoja linaniingizia fedha, hivyo wasomaji wanaweza kushangaa kwa nini nalilalamikia. Mimi ni fundi wa kuandika mabango hapa Tanga. Naandika majina ya maduka, maneno ya nyuma ya bajaji, maonyo ya kutokojoa ukutani, na mara mojamoja nachora kuku aliyenona kwa ajili ya mwenye kibanda cha chipsi. Muhula uliopita, kati ya Alhamisi na Jumapili, nilipokea wazazi sita, kila mmoja ameshika karatasi ya manila na kikaratasi kutoka shuleni kinachomtaka mwanafunzi alete kazi yake ya mradi wa sanaa Jumatatu asubuhi bila kukosa. Nilichora tembo wawili, Mlima Kilimanjaro, chungu cha maua na majahazi mawili, kwa shilingi 5,000 kila kazi. Jumatatu jioni nikapewa taarifa kwamba nimefaulu vizuri sana.

Kilichoniondolea furaha ya zile 30,000 ni binti yangu, ambaye yuko darasa la tano katika shule hiyohiyo, ambayo sitaitaja. Yeye hakuniomba nimchoree chochote. Alikuwa amefinyanga ng'ombe kwa udongo alioutoa bondeni, akamkausha juu ya bati siku tatu, akamchonga macho kwa kijiti cha kiberiti, na njiani pembe moja ikakatika. Alipewa alama 48 pamoja na maelezo mafupi kwamba kazi si safi. Jahazi nililolichora mimi kwa dakika 40, huku nikisikiliza mpira redioni, lilipata 92.

Sina nia ya kumlaumu mwalimu. Darasa lile lina watoto 87, kipindi ni dakika 40, bomba la maji liko upande wa pili wa uwanja, na hakuna meza wala rafu ya kuwekea kazi ambayo bado ni mbichi. Mwalimu aliye katika hali hiyo akiambiwa asimamie mradi wa sanaa, njia nyepesi ni kuwaagiza watoto wakaufanye nyumbani, kisha yeye akapokee kilichokamilika na kukipa alama. Lakini kilichokamilika nyumbani ni kazi ya nani? Baadhi ya nyumba zina mjomba anayejua kuchora, nyingine zina shilingi 5,000 za kunipa mimi, nyingine hupitia steshenari na kuchapisha picha iliyotolewa kwenye intaneti, na nyingine hazina lolote, kwa hiyo mtoto anakuja mikono mitupu na kusimamishwa mbele ya wenzake. Alama zinazotolewa siku hiyo zinapima mfuko wa mzazi.

Jambo hili limekuwa zito zaidi sasa kwa sababu mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na wale waliouanza wakiwa darasa la tatu ndio hao wanaopanda kuelekea la tano na la sita. Nilifurahi niliposikia habari za somo hilo. Hofu yangu ni kwamba litazaliwa na ugonjwa huu wa manila na gundi ya dukani, na baada ya miaka michache wazazi watalichukia kama wanavyochukia michango.

Naomba niseme neno juu ya umri wenyewe, kwa maana hapo ndipo penye uzito wa hoja yangu. Mtoto wa darasa la pili akichora mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko nyumba haoni aibu yoyote, na ukimsifu anakuchorea mwingine. Akifika la nne, la tano na la sita, jicho lake linautangulia mkono: anajua ng'ombe wa kweli alivyo, anamtazama wa kwake, na anaona kwamba hawafanani. Ni katika miaka hiyo ndipo wengi hutamka maneno "mimi sijui kuchora" na kuweka penseli chini moja kwa moja. Wateja wangu watu wazima hunieleza hivyo kila siku wakiwa wananitazama kazini, na nikiwauliza waliacha lini, jibu huwa karibu lilelile, walipokuwa na miaka kumi, kumi na mmoja, kumi na mbili. Sasa mtoto wa umri huo, aliyekwisha kuingiwa na shaka, anapomwona baba yake akipeleka kazi yake kwa fundi, amepewa uthibitisho kwamba shaka yake ni ya haki.

Wapo wanaodai kwamba bila vifaa vya kununua hakuna sanaa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, ambaye alipita katika mashamba ya mkonge ya huku kwetu kabla ya kwenda Dar es Salaam, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa kuwa ndivyo alivyoweza kuvipata. Rangi ile hukauka ikiwa na mng'ao, inakaa vizuri ikipakwa bapa, na anayeitumia hujikuta anapenda mandhari ya nyuma yenye rangi moja, mnyama mmoja mkubwa mbele, na madoa yanayopangwa kwa ncha ya brashi. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, na jina lake likabaki kuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Vifaa vyake vya bei rahisi vilikuwa sehemu ya sababu za mtindo kuwa ulivyo, na hilo ndilo somo ambalo mtoto wa darasa la tano anaweza kulielewa bila kuongezewa maneno.

Baada ya kisa cha ng'ombe nilimwita binti yangu na wenzake watano waje bandani Jumamosi, nikawapa mradi wa kubuni kanga. Niliuchagua kwa sababu kila mmoja wao ana kanga nyumbani, na kila mmoja anajua, hata kama hajawahi kuulizwa, kwamba kanga ina pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yanayokaa chini ya mji. Karatasi zilikuwa kalenda za ukutani za miaka iliyopita, zilizo nyeupe kwa nyuma, tukakata kila moja sentimita 30 kwa 20. Muhuri wa pindo tuliuchonga kutoka kwenye soli ya kandambili iliyokatika, kipande cha mraba cha sentimita 4 kila upande. Wembe nilishika mimi, mchoro wa korosho waliubuni wao.

Upande mfupi ulikwenda sawasawa, mihuri mitano. Upande mrefu ukaleta ugomvi, maana mihuri saba ilikaa na nafasi ya sentimita 2 ikabaki, ambamo muhuri hauingii. Mmoja alitaka kuibananisha yote, mwingine akasema tuache pengo katikati tulijaze nukta, wa tatu akapendekeza nusu ya korosho pembeni, na wakatazama kanga iliyokuwa imetundikwa pale ili kuona wachapaji wenyewe hufanyaje. Mwishowe walikubaliana kupunguza karatasi iwe 28 kwa 20. Nikawauliza kabla hawajagonga muhuri wa kwanza: itahitajika mihuri mingapi kuzunguka yote? Wanne walisema 24, kwa kujumlisha saba, saba, tano na tano. Wakagonga, wakahesabu, wakapata 20, na palikuwa na kimya kizuri mpaka mmoja alipogundua kwamba pembe nne zilikuwa zimehesabiwa mara mbili. Halafu tulipima maeneo. Pindo lilikuwa na sentimita za mraba 320 na mji 240 tu, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, mimi nikiwemo, pamoja na miaka yangu yote ya kushika rula. Mzazi anayehofia kwamba sanaa inakula muda wa Hisabati angekaa nasi saa moja pale bandani.

Jina ndilo lililonipendeza zaidi, kwa kuwa hapo walikuwa wameingia katika kazi yangu. Walichagua MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kijana mmoja alianza kushoto kwa herufi kubwa na za kujiamini, akafika ukingoni akiwa amebakiwa na silabi mbili nzima, akazirundika juu kama watu waliokosa nafasi kwenye daladala. Nusu ya mabango mabovu ya mji huu yana kosa hilohilo. Ndipo nilipowaonyesha namna yetu mafundi: hesabu herufi pamoja na nafasi kati ya maneno, tafuta ya katikati, anza hapo, enda kulia, kisha rudi kushoto. Jina lile lina nafasi 25, ya katikati ni ya 13, nayo ni W ya neno MWENYEJI. Mji una upana wa sentimita 20, hivyo kila herufi inapata milimita 8, ila M na W lazima ziazime nafasi kidogo kutoka kwa I na J ambazo hazina mwili. Waliandika kwa penseli mara tatu, wakafuta mara mbili.

Rangi zilitoka jikoni. Mkaa uliosagwa na kuchujwa kwa kitambaa ulitupa nyeusi, manjano ikatupa rangi ya jina lake, na uji mzito wa unga wa muhogo ukatumika kuzishikisha kwenye karatasi. Tulipotaka nyekundu, nilichanganya manjano na maji ya magadi, na mchanganyiko ukageuka palepale kuwa mwekundu wa kahawia. Mmoja akadondoshea ndimu ili aone itakuwaje, ukarudi kuwa njano. Hawakutaka kufanya kitu kingine kwa robo saa. Manjano haihimili jua, na zile kanga za karatasi zilizotundikwa dirishani zimekwisha kupauka, nalo hilo wameliona kwa macho yao. Bamia iliyokatwa kwa kukingama ilitoa nyota nzuri za kujaza mji. Gharama yote haikufika shilingi 3,000.

Sijasema kwamba kila shule ifanye kanga. Penye wasukaji, bibi mmoja akialikwa na miyaa yake anaweza kuwafundisha watoto kusuka ukili, yaani ule mkanda wa kushonea mikeka, ambao nao ni hesabu tupu. Penye udongo mzuri wafinyange, na pembe zikatike. Ninachoomba ni kwamba kazi ifanyike shuleni, mbele ya mwalimu, hata ikichukua vipindi vinne au vitano, na watoto 87 wagawanywe katika makundi ya watu sita au saba, kila kundi na muhuri wake na kopo lake la rangi, lakini kila mtoto na karatasi yake. Karatasi zilizoharibika zisitupwe. Zifungwe pamoja na kazi ya mwisho na zihesabiwe katika alama, kwa sababu ndizo zinazoonyesha mtoto alikofikiri, alikokosea na alikorekebisha. Mwalimu akitaka kujua kama kazi ni ya mtoto mwenyewe, swali moja linatosha: kwa nini ulikata karatasi sentimita 2? Aliyeifanya atajibu mpaka umzuie, na yule ambaye baba yake alinijia usiku atatazama chini.

Kwa kamati za shule na maafisa elimu wa kata, ombi langu ni dogo. Pigeni marufuku kikaratasi kile kinachoagiza kazi iliyokamilika, na katika fedha za uendeshaji zitengwe chache za unga, brashi kadhaa, ndoo mbili za maji na ubao mrefu juu ya matofali wa kukaushia kazi. Kwa mafundi wenzangu, najua shilingi 5,000 ni mlo wa jioni na siwezi kujifanya mtakatifu, kwa kuwa zangu nilizipokea na nikazila. Hata hivyo tangu mwezi ule nimetundika kibao kinachosema kwamba kazi za shule hatuchori. Wazazi wawili wamenuna na mmoja amehamia kwa fundi wa mtaa wa pili.

Shule yoyote ya hapa mjini inayotaka fundi wa kuonyesha namna ya kupanga herufi au kuchonga muhuri wa kandambili iniite siku ya Jumatano mchana, wakati ambapo kazi zangu huwa chache. Sitatoza chochote, ila soli zilizokatika waje nazo wanafunzi wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mabango,
Tanga.